Vyambo laini vya rangi mchanganyiko vya kujitengenezea nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wanaoanza kazi hii huulizia rangi kwanza: ipi inavutia samaki, ipi inang'aa, ipi ichanganywe na ipi. Majibu yapo hapa chini. Lakini anayetaka chambo bandia cha kuvulia samaki chenye mgongo wa kijani na tumbo jeupe, kisichobanduka samaki anapokitafuna, ajue mapema kwamba kazi yenyewe hasa ni moto: kuupima, kuuchunga na kuuwahi. Rangi hununuliwa dukani. Joto lazima ujifunze mwenyewe. Kwa hiyo majibu mengi katika ukurasa huu yanagusa joto.

Vyambo hivi ni mpira kweli?

Tunaviita vya mpira kwa mazoea. Malighafi yake ni plastisoli, yaani unga laini sana wa PVC, plastiki ileile ya mabomba ya maji, uliotawanywa ndani ya mafuta ya kulainishia plastiki. Ikiwa baridi, ni majimaji meupe mazito. Ikipashwa hadi nyuzi 170 hivi za Selsiasi, chembe za PVC hunywa yale mafuta, majimaji yote yanakuwa maangavu, na yakipoa hubaki kitu laini kinachonesanesa. Hakuna kiyeyusho kinachoruka hewani wala gundi inayokauka. Joto pekee ndilo linalobadilisha hali, ndiyo maana hata chambo kilichoraruka kinaweza kuyeyushwa tena.

Na wale wanaodhani hii ni kazi ya viwanda tu, historia inawapinga. Mwaka 1949, katika mji wa Akron, jimbo la Ohio, Marekani, Nick Creme na mkewe Cosma walitengeneza mnyoo wao wa plastiki laini nyumbani, jikoni kwao. Baadaye biashara yao ilihamia Tyler, Texas, na vyambo laini vikaenea kila mahali panapovuliwa kwa fimbo na mshipi.

Plastisoli ni ghali na huagizwa mbali. Siwezi kuyeyusha ndala kuukuu, gambuti au maganda ya nyaya za umeme?

Hapana, na tunaomba jibu hili lichukuliwe kwa uzito. Ndala nyingi zimetengenezwa kwa povu la EVA au kwa mpira uliopikwa, na ukizipasha hazirudi kuwa majimaji ya kumimina, huungua tu. Gambuti nyingi ni PVC kweli, lakini hujui ndani yake mna nini, wala imewekewa kemikali gani ya kuistahimilisha moto. Maganda ya nyaya ndiyo mabaya zaidi, kwa sababu PVC ya nyaya imekuwa ikitiwa misombo ya risasi kwa miaka mingi. Ukiyachoma utavuta risasi na gesi ya asidi ya haidrokloriki kwa pamoja, na watoto walio karibu nawe watavuta vilevile.

Na wino wa kuchapishia fulana? Nasikia nao ni plastisoli.

Ni jamaa moja, ila umetengenezwa kwa kazi nyingine. Umejazwa rangi na vijazio ili ushike kwenye kitambaa ukiwa tabaka jembamba, kwa hiyo ukiumimina mnene hautoi kitu cha kunesa vizuri majini. Mjuane na wachapishaji wa fulana kwa sababu nyingine: mara nyingi wanajua nani anaagiza kemikali za plastiki mjini.

Nianze na vifaa gani?

Plastisoli ya vyambo lita moja, rangi mbili au tatu za majimaji zilizotengenezwa kwa ajili ya plastisoli, kikombe cha kioo kinachostahimili moto chenye mdomo wa kumiminia (kimoja kwa kila rangi), maikrowevu kuukuu, kipimajoto cha kuchomeka, kijiti cha chuma cha kukorogea, na kalibu, yaani umbo tupu la kumiminia plastiki. Rangi za keki hazifai kwa sababu nyingi zina maji. Rangi za ukutani hazifai pia.

Maikrowevu hiyo ikishaingia kazini hairudi kupasha chakula. Vikombe, vijiko na kipimajoto vivyo hivyo. Viandike kwa wino usiofutika na uviweke mbali na jiko la nyumbani, kwa maana mgeni akikuta kikombe kisafi cha kioo atakitilia chai.

Usalama: ni mambo gani hayana mjadala?

Maji. Tone moja la maji likiingia kwenye plastiki yenye nyuzi 170 hugeuka mvuke papo hapo na kurusha plastiki ya moto usoni. Kalibu iwe kavu, kikombe kiwe kikavu, kijiti kiwe kikavu, na jasho la paji la uso lifutwe kabla hujainama.

Hewa. Fanyia kazi nje, kwenye baraza au chini ya banda, upepo ukikutokea mgongoni. Plastisoli ikipita nyuzi 200 huanza kugeuka njano na kuungua, na moshi wake una gesi ya asidi inayochoma macho na mapafu. Barakoa ya kitambaa haizuii gesi, wala ile ya vumbi. Kinachofaa ni kinyago chenye vichujio vya gesi za asidi na mvuke wa kemikali. Ukiona moshi, zima umeme, ondoka, acha kikombe kipoe hapo hapo kilipo. Usikimbie nacho.

Ngozi. Vaa miwani ya kazi, glavu za kustahimili moto, shati la pamba la mikono mirefu na viatu vilivyofunika mguu mzima. Plastiki hii hung'ang'ania ngozi na kuendelea kuunguza. Ikikumwagikia, weka sehemu hiyo chini ya maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, usiibandue kwa nguvu, kisha nenda hospitali. Watoto wasiwepo. Mjamzito pia akae mbali, kwa sababu baadhi ya mafuta ya kulainishia ni ya jamii ya ftaleti, ambazo baadhi yake huvuruga homoni za mwili. Zipo plastisoli zisizo na ftaleti. Zikipatikana, nunua hizo.

Nina jiko la mkaa na jiko la gesi tu. Inawezekana?

Hatushauri. Moto wa mkaa haupimiki na haupunguzwi kwa haraka: sehemu ya chini ya sufuria itaungua wakati juu bado ni maziwa. Gesi ina ndimi za moto wazi karibu na mafuta. Kama maikrowevu haipatikani, tumia jiko la umeme la sahani lenye kirekebisha joto, sufuria nzito, moto mdogo, na ukoroge bila kupumzika.

Nieleze upashaji hatua kwa hatua.

Kwanza tikisa chombo cha plastisoli. Unga wa PVC hutuama chini, na ukimimina sehemu ya juu peke yake utapata mafuta mengi na PVC kidogo. Chambo kitatoka chenye kunata na hakitashika umbo kamwe. Ukishatikisa, acha kitulie mpaka viputo vipande juu.

Mimina mililita 120 kwenye kikombe. Kiasi hicho kinatosha vyambo kama kumi vya unene wa kidole, na ni kiasi unachoweza kukimudu. Pasha kwa dakika moja na nusu, toa, koroga. Hapo plastiki huanza kushikana mabonge kama ugali unaoiva, na wengi hushtuka wakidhani imeharibika. Haijaharibika, iko njiani. Koroga ukikwangua pembeni na chini, kisha pasha kwa vipindi vifupi vya sekunde 20 hadi 30, ukikoroga na kupima kila mara. Kati ya nyuzi 165 na 177 itakuwa nyepesi na angavu. Hapo ndipo pa kusimama. Maikrowevu hazifanani nguvu, na umeme wa mitaani kwetu nao hupanda na kushuka, kwa hiyo usikariri dakika za mtu mwingine. Kariri nyuzi.

Rangi tia kabla ya kupasha au katikati, ikorogeke vizuri. Kwa mililita 120, matone matatu hadi matano hutoa rangi inayopitisha mwanga. Ukitaka rangi nzito isiyopitisha mwanga, ongeza tone kwa tone. Rangi zile kali za kuwaka, kama njano-kijani na waridi, huharibika kwa joto upesi kuliko nyeusi au kahawia.

Kalibu nitengeneze kwa kitu gani?

Kalibu za aluminiamu ni bora na za kudumu, lakini ni za kununua. Za silikoni hunakili kila kijistari cha mwili wa chambo na hazihitaji kupakwa kitu. Kwa anayeanza, jasi inatosha kabisa: ile plasta ya Paris inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi.

Bandika chambo cha mfano kwa gundi kidogo chini ya kisahani, upande wake bapa ukiwa chini, upake vaselini nyembamba, kisha mimina jasi iliyokorogwa kwa uwiano wa unga sehemu mbili na maji sehemu moja. Igonge meza taratibu ili viputo vipande. Baada ya saa moja unaweza kuitoa, lakini bado imejaa maji, na hapa ndipo haraka inapoumiza watu. Ianike juani siku kadhaa. Pwani wakati wa masika iache hata zaidi. Njia ya uhakika ni mizani: ipime kila jioni, na siku uzito utakapoacha kupungua ndipo imekauka. Kisha ipake epoksi, au gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji, tabaka mbili, na uiache ikauke tena kabisa. Bila tabaka hizo chambo hutoka kikiwa na ngozi iliyofifia na viputo.

Kunakili chambo cha kampuni kwa matumizi yako ni jambo moja. Kuuza nakala ni jambo jingine, na linaweza kukuingiza kwenye kesi. Chonga umbo lako mwenyewe kwa udongo wa kufinyangia au mbao laini. Angalia tu kwamba baadhi ya udongo huo una salfa, na salfa huzuia aina fulani za silikoni zisigande.

Haya, rangi mbili. Mgongo mweusi, tumbo jeupe. Nafanyaje?

Hili ndilo swali lenyewe. Kwenye kalibu ya wazi, ambamo chambo kimelala chali au kifudifudi, unamimina rangi ya kwanza mpaka nusu ya kina. Unasubiri sekunde chache hadi uso wake uanze kufanya utando na usitikisike kama majimaji. Kisha unamimina rangi ya pili juu yake, ikiwa na nyuzi 165 au zaidi, kwa mchirizi mwembamba, ukianzia kwenye mkia kuelekea kichwani. Hakikisha vikombe viwili vimeiva kwa wakati mmoja. Pasha kwanza rangi ya pili, uiweke kando ikiwa na moto wa kutosha, pasha ya kwanza, rudisha ya pili kwa sekunde chache, kisha mimina zote mfululizo.

Sababu ya haraka hiyo ni hii: rangi mbili hazigandani kwa gundi, zinayeyukiana. Rangi ya pili lazima iwe na moto wa kuyeyusha ngozi ya juu ya rangi ya kwanza ili ziwe kitu kimoja. Ikiwa imepoa, utapata vipande viwili vilivyolaliana tu. Ikiwa ya kwanza bado ni majimaji kabisa, ya pili itazama ndani yake na mstari wako utapotea.

Ukitumia kalibu ya kufungwa, kuna kifaa chenye mabomba mawili ya sindano yaliyounganishwa kwa kipande cha chuma chenye njia mbili zinazokutana mdomoni. Kila bomba linabeba rangi yake, unasukuma yote mawili kwa mkono mmoja, na rangi zinaingia ubavu kwa ubavu. Ni kifaa kizuri, lakini kalibu ya wazi hufundisha zaidi. Anayejua kumimina kwa mkono atajua pia kosa liko wapi sindano ikigoma.

Na rangi tatu? Au mkia wa rangi tofauti?

Mkia ni rahisi: mimina mkia peke yake, subiri utando, mimina mwili. Unaweza pia kuchukua mikia iliyokwisha kupoa, ukaikata kwa wembe, ukailaza ndani ya kalibu na kumimina mwili wa moto juu yake. Sehemu ya kukatia iwe safi, bila mafuta ya vidole. Rangi tatu ni mtindo uleule wenye mstari mwembamba katikati, lakini unahitaji mtu wa pili wa kushika vikombe. Mawimbi ya marumaru hupatikana kwa kumimina rangi mbili ndani ya kikombe kimoja cha moto, kuzungusha kijiti mara moja tu, na kumimina papo hapo. Havitatoka viwili vinavyofanana, na hiyo ndiyo raha yake.

Mbona rangi zangu zinabanduka?

Karibu kila mara ni moja ya mambo matatu: rangi ya pili ilipoa, uso wa ya kwanza ulikuwa na mafuta au vumbi, au kulikuwa na unyevu. Vuta chambo kipya kwa mikono miwili kabla hujamaliza kalibu zote. Kikipasuka penye mstari, pandisha joto la rangi ya pili kwa nyuzi tano na ujaribu tena.

Tumbo lilikuwa jeupe, baada ya wiki limekuwa la waridi. Nini kimetokea?

Rangi imehama. Baadhi ya rangi huyeyuka ndani ya mafuta ya plastiki na kutembea polepole kutoka upande mmoja hadi mwingine. Nyekundu na zile za kuwaka ndizo zenye tabia hiyo zaidi. Nyeusi ya kaboni haihami, na unga wa maika unaotoa mng'ao wa lulu hauhami. Kwa hiyo ukiwa na tumbo jeupe, chagua mgongo mweusi, au rangi ambayo muuzaji ameandika kuwa haihami. Usilaze vyambo vya rangi mbalimbali katika mfuko mmoja, kwa sababu hupakana rangi vikiwa vimelala tu.

Glita yoyote inafaa?

Ile ya kadi na urembo huvuja rangi kwenye joto na kubaki na vipande vya kijivu. Nunua ya poliesta iliyotengenezwa kustahimili joto, tia nusu kijiko cha chai kwa mililita 120 mwishoni kabisa, plastiki ikiwa imeshaiva, na koroga kila unapotaka kumimina kwani hutuama chini upesi.

Rangi ipi kwa samaki yupi?

Anza na anachokula samaki huyo, kisha tazama maji.

Samaki wadogo wengi wana mgongo wa giza na tumbo jeupe au la fedha, na ndiyo sababu chambo cha rangi mbili kina maana kuliko urembo. Kwa sangara wa Ziwa Victoria, aliyeingizwa humo katika miaka ya 1950 na 1960, windo lake ni dagaa, furu, uduvi na hata sangara wadogo. Chambo chenye mkia wa kasia, mgongo wa kijivu au kijani kilichoiva, tumbo la lulu na glita ndogo ya fedha kinamfaa. Kiwe kikubwa na ndoana iwe nene.

Ziwa Naivasha ni habari nyingine, na kwa mtengenezaji wa vyambo laini ndilo ziwa la kupendeza kuliko yote Afrika Mashariki. Besi mwenye mdomo mpana aliletwa humo kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920, na mwaka 1970 wakaletwa kamba wekundu wa maji baridi wenye asili ya Louisiana. Yaani samaki na windo lake wote wametoka kulekule vilikobuniwa vyambo hivi. Umbo la kamba lenye mwili wa kahawia, glita nyeusi na ncha za makucha za chungwa ni kazi ya rangi mbili inayofaa sana kujifunzia, kwa kuwa makucha humiminwa kwanza na ni madogo.

Maji yakiwa na tope, samaki huona umbo kuliko rangi: tumia nyeusi, zambarau, au njano-kijani ya kuwaka. Kwenye maji maangavu ya pwani, kwa kolekole na chewa, tumia rangi zinazopitisha mwanga. Kumbuka pia kwamba maji hula nyekundu kabla ya rangi nyingine zote. Kufikia mita kumi hivi inaonekana karibu nyeusi, kwa hiyo usiigharamie kwa kina kirefu. Nguru na mzia wana meno ya kukata, na watakumalizia mikia yote kwa asubuhi moja. Kwa hao tumia vyambo vya chuma au mbao.

Kuna viputo ndani na mashimo mgongoni.

Viputo vya ndani hutokana na kukoroga kwa fujo au unyevu. Mashimo hutokana na plastiki kunywea inapopoa. Ongezea tone mahali hapo ikiwa bado na moto.

Nitie chumvi?

Chumvi huongeza uzito, hivyo chambo huzama bila chubwi kubwa, na wavuvi wengi wanaamini samaki hukiachia polepole zaidi. Isage iwe unga, ikaushe kwenye oveni, na utie kidogo kidogo. Hasara zake: chambo huraruka upesi, rangi angavu hufifia, na kalibu za aluminiamu huliwa. Kwa kazi ya rangi mbili weka chumvi upande wa tumbo peke yake. Tumbo likiwa zito, chambo huogelea wima.

Nahifadhije?

Vilaze vikiwa vimenyooka kwa siku nzima kabla ya kuvifunga, maana kitakavyopoa ndivyo kitakavyobaki. Kisha vitie kwenye mifuko ya politini yenye matone machache ya mafuta, kila rangi na mfuko wake. Visanduku vigumu vya plastiki angavu viepuke: mafuta ya chambo huvilainisha mpaka vinanata. Usivichanganye kamwe na vile vyambo vya kunyumbuka sana vya plastiki aina ya TPE, kwa kuwa vikigusana huyeyushana.

Mabaki na vilivyoraruka nifanyie nini?

Kusanya, osha, kausha siku nzima, tenganisha kwa rangi, ondoa kila ndoana, kisha katakata na uyeyushe. Ongeza plastisoli mpya kidogo kurudisha ulaini. Mchanganyiko wa rangi nyingi huishia kahawia ya tope, na hiyo ni rangi nzuri tu ya mgongo wa kamba. Kilichoungua kikawa njano hakirudi. Na kinachokatikia ziwani kivue ukiweza: hakiozi, na samaki akikimeza huvimba tumboni mwake na kukaa humo.

Naweza kuuza?

Unaweza, ukiwa na umbo lako mwenyewe na vyambo visivyobanduka. Walioko Marekani wajue kwamba mtengenezaji wa vyambo bandia hutozwa ushuru wa serikali kuu wa asilimia 10 ya bei anayouzia, hata kama anafanyia kazi kwenye gereji ya nyumbani. Walioko Kenya, Uganda na Tanzania waanze na wavuvi wa fimbo wanaowafahamu: wape vyambo vitatu vya rangi moja na vitatu vya rangi nyingine, wavue navyo, kisha waulize ni vipi vilirudi vizima na ni vipi vilipasuka penye mstari.